Maua ya Karagita Hayanuki

Milimani, Nakuru
11 Februari 2025

Dada Chepngeno,

Chamgei. Natumaini sikio la kulia bado linajitahidi, maana la kushoto najua lilishaaga. Wiki iliyopita nilikupigia simu kukuuliza kama umepanda viazi, ukanijibu kwamba ni dume na ana alama nyeupe kwenye paji. Nimeamua kurudi kwenye karatasi kama zamani. Dereva wa gari la Olenguruone ameniahidi kwamba barua hii ataiweka mkononi mwako, palepale dukani.

Kuna jambo kubwa. Wachapishaji wa Nairobi wamekubali kitabu changu cha maisha ya utotoni. Mhariri wao, anaitwa Cate, ananiambia watu wanazijua tamthilia zangu lakini hawajui zilitoka kwenye nyumba gani. Basi nimeanza na nyumba yetu. Sura ya kwanza inaitwa "Mama Aliniandikia". Humo nimeeleza jinsi Baba alivyotuacha nikiwa bado nabebwa mgongoni, jinsi Mama alivyokwenda Karagita kufanya kazi ya maua nilipokuwa na miaka sita, tukabaki na bibi yetu, Gogo, halafu barua zikaanza kuja. Nimeeleza kwamba zile tatu za kwanza ziliishia na "kwa mkono wa rafiki", kwa kuwa Mama hakwenda shule. Zilizofuata hazikuwa tena na maneno hayo. Mwanamke yule alijifundisha kuandika akiwa na miaka thelathini na minne, baada ya kushinda kutwa amesimama, ili atuandikie sisi kwa mkono wake mwenyewe. Kila shule ninayoalikwa huwaambia wanafunzi habari hiyo. Walimu hulia.

Cate anataka picha za barua zenyewe. Najua ziko kwenye mkebe ule wa biskuti. Naomba unitumie zote, kwa sababu kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa tarehe 30 Mei.

Halafu, *Waridi la Karagita* itachezwa tena hapa Nakuru mwezi ujao. Natalie, msichana anayecheza Mama, akifika pale anaposema, "Nikirudi jioni nanukia waridi, hata nyuki hunifuata mpaka mlangoni," ukumbi mzima hunyamaza. Watu hunisifu kwa maneno hayo. Mimi huwaambia ni ya Mama, nilinakili tu.

Ndugu yako,
Bethwel


Olenguruone
20 Februari 2025

Bethwel,

Barua imefika na alama ya kidole cha dereva, mafuta ya chapati nadhani. Hongera kwa kitabu. Nimemwambia kila aliyekuja kununua chumvi, na wawili wameuliza kama na wao watakuwemo.

Ng'ombe alizaa dume, hilo ulilisikia. Viazi bado, mvua inatuzungusha.

Kuhusu zile barua, sijui nikuambie nini. Panya wa nyumba hii hawana adabu. Halafu mwaka ule wa mvua nyingi paa lilivuja upande wa kabati, na mkebe nao ulikuwa pale. Sijaufungua siku nyingi. Kwani kitabu lazima kiwe na picha? Nabii Eliya hakupigwa picha hata moja na sisi tunamwamini.

Na hilo la Mama kujifundisha kuandika, ukiweza liondoe. Andika tu kwamba alitupenda na alifanya kazi ngumu, hayo yanatosha na ni ya kweli. Si kila nguo ya nyumbani ni ya kuanikwa kwenye ua.

Kula vizuri. Kwenye gazeti umekonda shingo.

Dada yako,
Chepngeno


Milimani, Nakuru
24 Machi 2025

Dada,

Ama panya, ama paa. Chagua moja. Mimi kazi yangu ni kuwatungia watu visingizio jukwaani na najua mtu akitoa viwili kwa pamoja hakuna hata kimoja cha kweli. Kama unaona uchungu kuachana nazo, nitakuja na mpiga picha tuzipige hapohapo dukani, zisitoke nyumbani.

Lakini leo nina jambo jingine na limeninyima raha.

Jumamosi ya tarehe 15 tulicheza. Ukumbi ulijaa. Natalie akafika pale pa waridi na nyuki, watu wakanyamaza kama kawaida, halafu mwanamke mmoja mzee wa safu ya tatu akacheka. Hakucheka kidogo. Alicheka mpaka akashika mdomo kwa kitambaa, watu wakageuka, Natalie maskini akasahau mstari uliofuata. Baada ya mchezo nilikuwa nimezungukwa na watu wa kamera, yule mama akapenya, akanishika mkono, akasema, "Kijana wangu, yale maua ya Karagita hayanuki." Nikamwuliza jina. Akasema anaitwa Wamaitha, anaishi hukohuko Karagita, akaondoka kuwahi gari.

Sikulala na hilo vizuri. Jumanne nikaenda Naivasha. Rafiki mmoja ana mjomba msimamizi kwenye shamba moja, akaniingiza kwenye banda la plastiki. Dada, nimenusa waridi jekundu, la manjano, jeupe, la pinki. Niliinama na kuinama mpaka mlinzi akaniuliza kama nina homa. Hakuna kitu. Msimamizi akaniambia waridi la kusafirishwa ng'ambo linatafutiwa shingo ndefu na siku nyingi za kukaa kwenye maji, harufu haina kazi. Wafanyakazi wananuka dawa. Wakitoka jioni wanasugua mikono kwa majani.

Wakati wote ule Mama alikuwa ndani ya yale mabanda. Alijua hayanuki. Kwa nini basi aniandikie kwamba nyuki humfuata mlangoni? Miaka ishirini naandika tamthilia juu ya sentensi hiyo. Ulikuwa mkubwa, ulikuwa na miaka kumi na minne. Kama unajua jambo, niambie.

Bethwel


Olenguruone
2 Aprili 2025

Ndugu yangu Bethwel,

Nimeanza barua hii mara nne. Acha niseme haraka kabla sijajionea huruma.

Mama hakuandika barua zile. Tatu za kwanza zilitoka kwake, aliandikiwa na rafiki. Nyingine zote niliandika mimi.

Unakumbuka kidogo mwaka wa vita vya makabila, 1992. Ulikuwa darasa la kwanza. Mwezi wa tatu nyumba za majirani ziliungua, barabara ikafungwa, na posta ikafungwa nayo. Mwezi wa nne lori la viazi la Mzee Kiplangat likapita tena, na akatuletea furushi kutoka kwa Mama. Sukari, daftari mbili, na viatu vyako vya plastiki vya bluu. Barua haikuwemo. Gogo akakaa kwenye kigoda, wewe ukakaa kwenye mguu wake, akaniambia, "Haya, soma." Mlikuwa mnaniangalia nyinyi wawili kama vifaranga.

Nilikuwa na karatasi yangu ya mtihani wa Jiografia kwenye mfuko wa sweta. Nikaitoa, nikaikunjua, nikasoma barua ya Mama.

Ndiyo maana barua ile ilisema Ziwa la Naivasha halina chumvi na halina mto unaotoka. Lilikuwa swali la nne. Ukaja ukaifanya tamthilia, "ziwa lisilo na njia ya kutoka", wasomi wakaandika kurasa juu ya mateso ya mfanyakazi. Nilisoma kwenye gazeti, nikacheka peke yangu dukani, halafu sikucheka tena.

Kuanzia hapo vitu viliendelea kuja, na maneno hayakuja. Sikujua kwa nini. Nilidhani Mama ametusahau kwa mdomo lakini mkono unatukumbuka. Wewe ulikuwa huli kama hujasikia barua. Basi kila furushi nikalipa barua yake. Waridi nililokuwa nimeliona maishani mwangu ni moja, lile la mke wa pasta, na lile lilinukia mpaka barabarani. Nikajiambia mtu akishinda kati ya maelfu ya waridi lazima arudi nyumbani ananukia hivyo, na nyuki wafuate. Ningejuaje?

Usifikiri Gogo alidanganyika. Siku moja tulikuwa tunakamua, akaniambia bila kuniangalia, "Barua ijayo mama yenu atasema Kiprugut aache kukojoa kitandani. Atasema kwa ukali." Nikasema, "Ndiyo, Gogo." Ukaacha kukojoa wiki ileile.

Ulipojua kusoma ikabidi niziandike kwelikweli, kwa mwandiko wa kulala ili usiutambue. Na hapo ndipo kosa langu kubwa. Nilisahau kuweka "kwa mkono wa rafiki". Sikupanga kusema Mama amejua kuandika, nilisahau tu mstari wa mwisho. Wewe ukauona umekosekana, ukaruka ukimwambia Gogo, "Mama ameandika mwenyewe!" Ningekurudisha chini namna gani? Majibu yako uliyokuwa ukimpa Kiplangat ampelekee, nilikuwa naomba Mungu yapotee njiani.

Agosti ya 1993 Mama akarudi kwenye sanduku, kifua kilimmaliza. Ulilala na barua zile chini ya kichwa. Nikasema nitakuambia ukimaliza msiba. Nikasema nitakuambia ukimaliza shule. Kisha ukawa mtu mkubwa kwa ajili yake. Uongo ukikaa sana nyumbani hupewa kiti, na mgeni akija anaamkiwa nao.

Mkebe uko salama, hakuna panya wala paa. Lakini ukiziona barua utaona herufi yangu ya "g", ile uliyokuwa ukiicheka.

Naogopa, Bethwel. Sina mtu mwingine wa damu aliyebaki duniani.

Chepngeno


Milimani, Nakuru
9 Aprili 2025

Dada,

Nimesimama mbele ya watoto elfu ngapi nikiwaambia mama yangu alijifundisha kuandika? Walimu wameiandika habari hiyo kwenye kuta za shule. Ungeniambia nikiwa na miaka ishirini ningekasirika mwezi mmoja, basi. Umeniacha nikafika arobaini.

Jambo moja. Kile kitambaa cha kichwa cha kijani kilichokuja kwenye furushi kabla hajafa, mimi nilikinusa. Kilinukia waridi. Nilikiweka usoni kila usiku mpaka harufu ikaisha, na naijua harufu ile kuliko ninavyoujua uso wa Mama. Hiyo nayo uliitunga? Ulikitia nini?

Usiniandikie kwa sasa. Nitamwambia Cate kwamba kitabu hakipo.

B. Kiprugut


Olenguruone
4 Mei 2025

Bethwel,

Umeniambia nisiandike. Nimenyamaza wiki tatu na siku kadhaa, na huko ni kutii kwingi kwa mtu wa umri wangu.

Hiki nakijibu halafu nakaa kimya. Kitambaa sikukitia kitu. Mimi ndiye niliyelifungua furushi lile, mbele ya Gogo, na harufu ikatoka ikatujazia nyumba. Nilishtuka kuliko wewe. Nilijiambia, kumbe nilisema kweli bila kujua, kumbe kweli ananukia. Nilifurahi mwaka mzima kwa ajili ya hilo. Barua yako ya Machi iliposema maua hayanuki ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu sasa sielewi tulinusa nini.

Naapa kwa kaburi la Gogo. Mengine nilitunga, na harufu haimo.

Viazi vimeota. Kitambaa kiko kwangu, ndani ya Biblia yake, hakinuki kitu tena.

Chepngeno


Karagita
12 Mei 2025

Kwa Bethwel Kiprugut,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Karatasi uliyoacha kwa mwenye nyumba wa ploti nimeipata. Umeuliza kama nilimjua mama yako. Nilimjua. Tulipanga chumba kando ya chumba, na kwenye banda la kupangia maua tulisimama meza moja, yeye anapima urefu, mimi nafunga. Mwenyewe alikuwa mrefu, tukimtania kwamba angefaa kusafirishwa ng'ambo.

Zile barua tatu za kwanza ni za mkono wangu. "Rafiki" ni mimi.

Sasa nikuambie kwa nini hakukuwa na ya nne. Machi ya 1992 ndugu yangu alichomewa nyumba huko kwenu juu. Alitoka na watoto na sufuria moja. Nikamwambia mama yako, Cherop, "Mkono huu hautaandika tena barua ya kwenda kwa watu wenu." Yeye hakuchoma nyumba ya mtu, nilijua hivyo wakati nasema. Na hakumwomba mtu mwingine amwandikie, alikuwa na aibu ya kutojua kusoma, alikuwa akiishika Biblia kanisani na kugeuza kurasa na wengine. Basi akawa anatuma vitu tu. Mwaka mzima tulipishana kwenye bomba la maji kama watu wasiojuana.

Mwaka uliofuata, kama mwezi wa nne hivi, akaja mlangoni kwangu. Akaweka karatasi juu ya meza. Dereva wa lori alikuwa amemletea, na alikuwa ameificha kifuani siku tatu kwa kukosa msomaji. Nikaichukua kwa sababu niliona ni mwandiko wa mtoto. Nikaisoma kwa sauti. Nimeiweka humu ndani uione mwenyewe. Inasema: "Mama asante kwa barua zako. Dada anazisoma vizuri sana. Ile ya nyuki kukufuata mlangoni kwa sababu unanukia waridi nimeipenda. Na mimi nataka kunusa. Tuma harufu. Kiprugut."

Cherop akaniuliza, "Barua gani? Mimi sijatuma barua." Nikasoma tena polepole. Tukaangaliana. Mikono yetu wote wawili ilikuwa inanuka dawa. Akaanza kucheka, mimi nikashikwa, tukacheka mpaka akakaa juu ya mtungi wangu wa maji, halafu akalia, na mimi nikalia na ya kwangu. Hivyo ndivyo tulivyopatana. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha. Karatasi yako ilifanya kazi hiyo.

Nikamwambia, mkono wangu umerudi, leta niwaandikie watoto ukweli. Akakataa. Maneno yake nayakumbuka: "Huyo msichana wangu ananisemea vizuri kuliko ninavyojisemea. Ukiandika atajua nimejua, ataona haya, ataacha. Mwache."

Jumapili akaenda mjini Naivasha, akanunua sabuni ya kuogea yenye picha ya waridi kwenye karatasi yake. Akafua kile kitambaa chake cha kijani kwa sabuni ile mara tatu na hakukisuuza. Nikamwambia, wewe mwanamke una wazimu, sabuni nzima? Akasema, "Mtoto ameomba harufu. Isipokwenda, atamwona dada yake mwongo."

Agosti akafa. Sikuja kumzika, njia ya kwenu ilikuwa bado mbaya kwa mtu wa jina langu. Hilo limenikaa mpaka leo.

Pale Nakuru sikucheka kwa dharau. Nilisikia jina la Karagita kwenye redio nikasema niende nione. Halafu yule msichana akasema maneno niliyoyasoma mimi miaka thelathini na miwili iliyopita, nikamwona Cherop amekaa juu ya mtungi. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nilitaka kukuambia, kamera zikawa nyingi.

Mpe dada yako salamu. Kama ni hai, hapaswi kuendelea bila kujua.

Wamaitha


Milimani, Nakuru
18 Mei 2025

Dada yangu Chepngeno,

Soma kwanza barua ya Wamaitha niliyoambatisha. Isome ukiwa umekaa, na ufunge duka.

Umemaliza? Nami niliisoma mara tano kwenye ngazi za nyumba yangu, jirani akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimefufuliwa mtu.

Nisamehe kwa barua ile ya Aprili. Nilidhani umeninyang'anya mama. Kumbe kila mmoja wenu alikuwa anajua, Gogo anajua, Mama anajua, na wote mlinyamaza ili mimi nipate kula. Na yeye alinunua sabuni ili wewe usionekane mwongo mbele yangu. Miaka yote nimesema maneno yale ni ya Mama na mimi nilinakili tu. Nilinakili, ndiyo, lakini kutoka kwako. Mwandishi wa kwanza wa nyumba yetu alikuwa na karatasi ya Jiografia mkononi.

Kitabu kipo. Nimemwambia Cate asubiri mpaka Septemba, sura ya kwanza naianza upya. Jina lake ni "Tuma Harufu". Haitachapishwa mpaka wewe uisome na useme ndiyo. Na kwa wale watoto wa shule nitarudi, shule moja baada ya nyingine, niwaambie ilivyokuwa. Nadhani walimu watalia zaidi.

Jumamosi ya tarehe 31 nakuja. Nitapitia Karagita nimchukue Wamaitha. Ameomba aonyeshwe kaburi.

Na nina ombi moja, uliwahi kunifanyia na sikujua kushukuru. Niandikie barua nyingine ya Mama. Ile ya mwisho, ambayo hakuwahi kuituma.

Ndugu yako,
Kiprugut


Olenguruone
25 Mei 2025

Mwanangu Kiprugut,

Mimi sijambo, na wewe huko Milimani uwe hujambo.

Nilikuwa nimechelewa kujibu ombi lako. Nilikusikia ukisema kwa watoto wa shule kwamba nilijifundisha kuandika. Mwanangu, sikujifundisha. Nilikuwa nikirudi jioni miguu imevimba, na nilikuwa nikilala na viatu. Ungejua jinsi nilivyoionea haya Biblia niliyokuwa naishika, usingeniongezea daftari.

Maua hayanuki. Mikono yangu ilinuka dawa. Hakuna nyuki aliyenifuata, ila siku moja mbwa wa ploti, na huyo alifuata dagaa wa omena niliobeba. Harufu niliinunua. Ile sabuni ilikuwa nzuri sana, na mimi sikuoga nayo hata mara moja, yote ilikuja kwako.

Usimkasirikie dada yako kwa kunisemea. Yeye alidhani sisikii, na sasa yeye ndiye hasikii, basi wewe mwandikie kwa herufi kubwa kwamba mimi nilisikia kila neno. Pale aliposema nakupenda, hapo hakutunga.

Mwambie Wamaitha njia ni nzuri siku hizi. Aje na sweta, huku juu ni baridi. Viazi vipya vitakuwa bado, lakini maziwa yapo.

Kitambaa changu kimetolewa kwenye Biblia, kimefuliwa kwa sabuni yenye picha ya waridi, na hakikusuuzwa. Kinakungoja kwenye kamba.

Ni mimi mama yako,
Cherop

Kwa mkono wa Chepngeno